Sura ya Tano: Mtoto Pajani pa Mama

Jumamosi ya tarehe 14 Aprili mwaka 1498, ambayo kwa hesabu ya Hijra iliangukia kumi la mwisho la mwezi wa Shaaban mwaka 903, merikebu tatu za Wareno, zilizokuwa zimeondoka Mombasa kwa shaka na hofu, zilitia nanga mbele ya mji wa Malindi wakati wa machweo. Na kulipopambazuka ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Mmoja katika mabaharia wale alikuwa akiandika daftari ya safari bila ya kutaja jina lake, na katika daftari hiyo ametuachia Malindi kama alivyoiona kutoka majini: nyumba ndefu zilizopakwa chokaa vizuri, zenye madirisha mengi, minazi upande wa bara, na mashamba ya nafaka na mboga yaliyouzunguka mji. Ametuachia pia, kwa maneno machache kama ya mtu anayehesabu shehena, habari ya picha moja. Na habari hiyo ndiyo iliyonifanya niiandike sura hii.

Bandarini zilikuwamo merikebu nne za Wahindi. Watu wake, asema mwandishi wa daftari, walikuwa weusi kidogo, wenye nguo chache, ndevu ndefu, na nywele ndefu zilizosukwa. Nyama ya ng'ombe hawakula, na lugha yao ilikuwa mbali na Kiarabu, ingawa baadhi yao walikijua kidogo. Wareno waliambiwa kuwa hao ni Wakristo, wakasadiki upesi, kwa kuwa moyo haukawii kusadiki kile ulichokuwa ukikitamani tangu Lisbon. Basi Wahindi hao walipopanda mara ya kwanza katika São Rafael, merikebu iliyoongozwa na Paulo da Gama, na nduguye Vasco, mkuu wa safari hiyo, akiwapo, walionyeshwa picha ya altare: Bibi Maryamu chini ya msalaba, Yesu yumo mikononi mwake, na mitume wamewazunguka. Walipoiona walianguka kifudifudi. Na muda wote merikebu zilipokaa Malindi walikuwa wakija kuomba mbele ya picha hiyo, wakileta sadaka za karafuu, pilipili manga na vitu vinginevyo. Msomaji wa leo, aliyezoea kuihusisha karafuu na Unguja na Pemba, akumbuke kwamba zama zile karafuu ilikuwa bado mzao wa visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Hivyo sadaka iliyowekwa mbele ya picha ilikuwa imesafiri mbali kuliko hao Wahindi wenyewe.

Mwandishi hakutueleza rangi ya joho la Maryamu, wala ukubwa wa ubao, wala jina la mchoraji. Ametueleza ishara mbili tu: ishara iliyomo ndani ya picha, yaani mama aliyemshika mwanawe, na ishara iliyotokea mbele ya picha, yaani watu walioanguka. Kati ya ishara hizo mbili pana jambo ambalo wataalamu wa sanaa hulitafuta katika majumba makubwa ya Ulaya, nalo lilipita hapa petu, juu ya maji ya Malindi, mbele ya mji wenyewe.

Mikono

Lugha yetu haikutosheka na neno moja la kumchukua mtoto. Aliyewekwa mgongoni akafungwa kwa mbeleko ameelekwa; aliyekazwa kifuani amekumbatiwa; aliyekalishwa nyongani, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, amebebwa ubavuni na mama ambaye mkono wake mwingine unakoroga chungu; ama aliyewekwa mapajani, huyo amepakatwa. Katika namna hizo zote, kupakata peke yake ndiko kunakomlazimisha mama kuketi. Mama aelekaye hulima, na mama abebaye ubavuni huenda sokoni na kurudi. Lakini mama apakataye ameiacha dunia ipite kando, na mikono yake yote miwili ni ya mtoto. Si ajabu, basi, kuwa wachoraji wa dini ya Kikristo, kwa muda unaozidi miaka elfu, walipotaka kuonyesha utulivu na enzi kwa pamoja, walimketisha Maryamu na kumpakatisha mwanawe, hata paja la mama likawa kiti cha enzi cha mtoto.

Hata upande wa mkono una maana yake. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 15 Mtaliano mmoja mchoraji, Brancaleon, aliyekaa Uhabeshi miaka mingi, alimchora Maryamu amempakata mtoto kwa mkono wa kushoto, kama ilivyo desturi ya kwao, na kukatokea ghasia kubwa, maana kwa watu wa nchi ile mkono wa kushoto ni mkono wa dharau. Mtu wa pwani huielewa ghasia hiyo bila ya kufasiriwa, kwa kuwa naye hali, hatoi wala hapokei kwa mkono wa kushoto. Lakini aende kisimani au gulioni akawatazame wakina mama, ataona wengi wao wamembeba mtoto kushoto, kwa sababu iliyo wazi kabisa, kwamba mkono wa kulia una kazi. Watu wa Uhabeshi walikuwa na haki kwa upande wa adabu, na Brancaleon alikuwa na haki kwa upande wa mama.

Lakini picha ya São Rafael haikuwa picha ya mtoto mchanga, na hapa ndipo penye siri yake. Aliyekuwamo mikononi mwa Maryamu chini ya msalaba ni mtu mzima aliyekwisha kufa, mwenye majeraha ya misumari. Mama hampakati mtu mzima. Uzito haumruhusu, na heshima haimruhusu. Wachoraji na wachongaji wa Ulaya, hata hivyo, tangu karne ya 14, walimrudisha mwana huyo mapajani alikotoka, na baadhi yao walithubutu kumpunguza kimo, hata maiti ikawa ndogo kama mtoto na mama akabaki mkubwa, kana kwamba miaka yote iliyopita katikati ilikuwa ndoto. Bernardino wa Siena, mhubiri aliyefariki mwaka 1444, aliwaambia waumini kwamba Maryamu, kwa wingi wa huzuni, alidhani siku za Bethlehemu zimerudi, mwanawe amelala tu, na sanda ile ni nguo za uchanga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na mzazi ajuaye uchungu huo, mwanawe hata awe na mvi, machoni pake hakuacha kuwa mtoto.

Ni sadfa njema kwamba mwezi ule ule wa Aprili 1498, wakati Wahindi walipokuwa wakisujudu bandarini Malindi, kijana wa Kitaliano wa miaka 23, Michelangelo, alikuwa amekwisha kuanza kushughulika na marimari ya Carrara kwa ajili ya sanamu yenye mada hiyo hiyo, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwezi wa Agosti mwaka huo, nayo iko Rumi hata leo katika kanisa la Mtakatifu Petro. Tatizo la mtu mzima mapajani mwa mwanamke yeye alilitatua kwa vazi: alilitandaza joho la Maryamu kwa mikunjo mingi na mipana, hata chini ya mwana pakawa kama pana kitanda. Wamtazamao hawaoni kuwa mama, lau angesimama, angekuwa jitu, waona tu mkono wa kulia uliomshika mwana kwapani, na mkono wa kushoto uliofunguliwa kando, kiganja juu, kama wa mtu asemaye, "Tazameni."

Nuru

Ishara ni nusu ya maneno ya picha. Nusu ya pili ni nuru. Mchoraji hawezi kuwaambia wamtazamao waanze wapi, lakini aweza kuwasha taa mahali na kuacha giza mahali, na jicho la mwanadamu, kama la nondo, hufuata. Zamani wachoraji wa Kikristo walitumia dhahabu iliyobandikwa juu ya ubao, ambayo haichori nuru bali huiazima kutoka kwa mishumaa iliyo mbele yake. Kisha wachoraji wa nchi za Flanders, katika karne ya 15, wakaikamilisha sanaa ya rangi za mafuta, wakizipaka tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama utando wa yai, hata mwanga ukawa wapenya ndani, wapiga kwenye weupe wa chini, na kurudi nje umebeba rangi. Tangu hapo nuru haikuwa tena pambo la picha. Ikawa mmoja wa watu waliomo.

Mabadiliko makubwa katika picha za mtoto yaliletwa na mwanamke mmoja wa Uswidi, Birgitta, aliyekwenda Bethlehemu mwaka 1372 akiwa mtu mzima, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, na akasema kwamba ameonyeshwa kuzaliwa kwa Yesu. Maryamu, katika maono yake, hakulala kitandani kama wachoraji walivyozoea kumlaza; alikuwa amepiga magoti, ameunganisha mikono, na mtoto akawa chini mbele yake ghafla, akitoa nuru isiyolinganika hata na jua, na mshumaa alioushika Yusufu ukawa hautoi mwanga wowote. Maneno hayo yalibadili mambo mawili kwa mara moja: ishara, kwa kuwa tangu hapo Maryamu alichorwa amepiga magoti mbele ya mwanawe mwenyewe, na nuru, kwa kuwa tangu hapo taa ya picha ikawa ni mtoto. Yuko mchoraji wa Uholanzi, Geertgen, ambaye yapata mwaka 1490 alichora usiku huo juu ya ubao mdogo wenye kimo cha sentimita 34 na upana wa 25, ambao leo umo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini London. Mtoto amelazwa horini, uchi, na hapana mshumaa wala mwezi karibu yake. Nyuso za mama na malaika zimeangazwa kutoka chini, kutoka kwake, na Yusufu amesimama nyuma gizani kama baba yeyote aliyeambiwa angoje. Ubao huo waweza kuubeba kwapani, lakini usiku uliomo ndani yake ni mpana.

Jioni moja ya kusi, katika kijiji kilicho kando ya hori ya Kilifi, nilikuwa nimeketi barazani nikingoja manyunyu yapite, nikamwona mwanamke akitoka jikoni kwenda nyumbani, ua mzima mbele yake, na koroboi mkononi. Upepo ulikuwa ukivuma. Hivyo aliukinga ule utambi kwa kiganja cha mkono wa pili. Mkono uliokinga haukuwa mweusi tena: vidole vyake vilipenywa na mwanga vikawa vyekundu kama makaa yaliyopulizwa, na mwili wake wote uliobaki ukamezwa na usiku. Alipofika mlangoni aliinama juu ya kitanda cha kamba kilichokuwa ukumbini, akaufungua mkono kidogo tu, kadiri ya upana wa jani la mwembe, na mwanga ukaanguka juu ya shavu la mtoto aliyelala. Akamtazama, akamfunika, akaufunga mkono tena, na giza likarudi mahali pake. Mambo hayo yote hayakuchukua muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa, wala yeye hakujua kuwa yuko mtazamaji.

Miaka mingi baada ya jioni ile niliijua picha ya Mfaransa Georges de La Tour iliyo katika jumba la Louvre mjini Paris, aliyoichora karibu na mwaka 1642, nikaona kwamba ule mkono nilikuwa nimeuona Kilifi kabla ya kuuona pichani. Ndani ya picha hiyo Yusufu seremala, mzee mwenye ndevu, ameinama akitoboa boriti kwa keekee, na mtoto Yesu ameketi mbele yake akimmulikia kwa mshumaa, huku kiganja chake kimoja kikiukinga mwali. Na mwali umepenya vidole vya mtoto, ukaonyesha damu iliyo hai chini ya ngozi na kucha zake ndogo. Hakuna duara la dhahabu kichwani, hakuna malaika. La Tour alikuwa na shida ile ile ya Geertgen, namna ya kuonyesha kwamba mtoto huyu ndiye nuru, naye hakumfanya mtoto kuwa taa bali alimpa taa aishike, kisha akaupitisha mwanga ndani ya mwili wake. Nuru na ishara, ambazo kwa wengine ni vitu viwili, hapo zimekuwa kitu kimoja: mkono ndio unaokinga mwanga, na mkono huo huo ndio mwanga.

Taswira isiyochorwa

Atauliza msomaji wa Malindi, na ana haki ya kuuliza, ya nini maneno haya yote juu ya picha za watu wa mbali, ilhali wazee wetu katika misikiti yao hawakuchora mwana wala mama? Kweli hawakuchora. Waliichonga mihirabu kwa mawe ya matumbawe, waliandika kwa hati, na katika makaburi ya mnara, kama lile la Mambrui, walipachika bakuli za Kichina ndani ya chokaa ili zilinase jua. Lakini nuru ya mtoto na ishara ya mama wanazo, na wanazo tele. Tofauti ni kwamba wameziweka katika sauti na katika viungo vya mwili badala ya kuziweka katika rangi.

Mtu na aende katika maulidi, popote kati ya Kilifi na Mambrui, asikilize isomwapo Barzanji. Waliohudhuria wameketi juu ya mikeka, udi wafuka, na msomaji asimulia nasaba na bishara, mpaka afikapo mahali patajwapo kuzaliwa kwa Mtume. Hapo hapo, bila ya kuamrishwa, jamaa wote wanasimama kiyamu, wakubwa na wadogo, na marashi yananyunyizwa kwa mrashi juu ya mikono na nguo. Na masimulizi hayo yenyewe yasema kwamba wakati wa kuzaliwa ilitoka nuru ambayo kwayo mama yake, Bibi Amina, aliyaona majumba ya Sham. Hapana ubao, hapana brashi. Lakini yupo mtoto, ipo nuru imtokayo, na ipo ishara ya watu wazima wanaoinuka kwa ajili ya mchanga. Nyumba nzima imekuwa picha, na waliomo ndio waliochorwa.

Hali kadhalika Bibi Maryamu mwenyewe, katika sura ya Kurani iitwayo kwa jina lake, amepewa ishara iliyo kubwa kuliko maneno yote. Amerudi kwa watu wake amembeba mwanawe, nao wanamshutumu kwa maneno makali. Naye, kwa kuwa ameweka nadhiri ya kutosema, hajibu neno, bali amwashiria mtoto. Na mtoto anasema akiwa mlezini. Wagiriki wa Kostantinopoli walikuwa na picha mashuhuri ya Maryamu wakiiita Hodegetria, maana yake mwanamke aonyeshaye njia, ambamo amembeba mtoto kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anamwelekeza mtazamaji kwake. Mwislamu aliyeisoma sura ile na Mgiriki aliyeichora picha ile wamesimama mbali sana kwa itikadi, na wala si kazi yangu kuwakutanisha. Lakini mkono ule wa mama, unaosema "Muulizeni huyu," wote wawili wameuona.

Kosa la heshima

Turudi sasa katika São Rafael, tuwatazame wale waliosujudu. Siku ambayo Vasco da Gama alipita kwa mashua mbele ya mji, Wahindi wale walipiga mizinga kutoka katika merikebu zao, na walipomwona anapita waliinua mikono juu, wakipaza sauti wakisema, kama walivyosikia Wareno, "Kristo! Kristo!" Wanazuoni wa baadaye wameafikiana kwa wingi kwamba watu hao hawakuwa Wakristo bali Wahindu, na baadhi yao wakasema kwamba jina walilolitaja ni la Krishna. Nao Wahindu wanaye mtoto wao: Krishna aliyezaliwa usiku wa manane, gizani, ndani ya kifungo, akavushwa mto kwa siri, akalelewa na Yashoda, mama mlezi ambaye wachoraji wa Bara Hindi hawachoki kumwonyesha amempakata mtoto huyo, mwizi wa siagi. Hivyo waliposogezewa picha ya mwanamke aliyemshika mwanawe, na watu wameuzunguka msiba au furaha yao kwa taadhima, hawakuhitaji kufundishwa wafanye nini. Ishara iliwaambia, "Huyu ni mtukufu, na huyu ni mamaye," nao jina la mtoto walilitia wenyewe.

Na Wareno walilipiza kosa hilo kwa kosa lililo sawa nalo. Mwezi uliofuata, walipokwisha kufika Calicut, Bara Hindi, walipelekwa katika hekalu kubwa la mawe wakadhani ni kanisa. Katikati palikuwa na chumba ambacho wageni hawakuruhusiwa kuingia, na ndani yake sanamu ndogo iliyoonekana kwa mbali, nao wakaambiwa, au wakadhani wameambiwa, kwamba ni Maryamu. Kutani waliona watakatifu waliochorwa wenye mataji, meno yaliyochomoza, na mikono minne au mitano kila mmoja. Hata hivyo walipiga magoti wakaomba. Mwanahistoria Castanheda anasimulia kwamba João de Sá, aliyekuwa amepiga magoti karibu na Vasco da Gama, alisema kwamba ikiwa hao ni mashetani, yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Na mkubwa wake akatabasamu. Huyo João de Sá alikuwa mwandishi wa São Rafael, merikebu ile ile yenye picha. Wiki chache kabla alikuwa katika merikebu ambamo Wahindi walisujudia mtoto asiye wao. Sasa zamu ilikuwa yake, na mikono minne ya ukutani ndiyo iliyomtia shaka, maana mikono miwili ya mama tungeielewa sote, lakini mikono minne yataka mwalimu.

Wenye bandari

Katika habari hii yote wako watu ambao daftari huwapita mbio, nao ndio wenye bandari. Sultani wa Malindi alikuja baharini na joho la hariri lenye bitana ya kijani, ameketi juu ya matakia chini ya mwavuli mwekundu wa duara, na mbele yake zikilia siwa mbili za pembe ya ndovu, zilizonakshiwa, zenye urefu wa mtu mzima na tundu la kupulizia ubavuni. Daftari haisemi kwamba Waislamu hao wa Malindi waliisujudia picha, wala kwamba waliivunja, wala kwamba waliwacheka waliosujudu. Na usiku wa siku ile iliyopigwa kelele za "Kristo," Wahindi walipotaka kuwafanyia Wareno sherehe ya usiku, walikwenda kwa Sultani kuomba ruhusa, naye akawapa. Ramadhani ilikuwa karibu kuandama, mwezi wa Shaaban umebakia uzi mwembamba unaochomoza alfajiri, na usiku wa bandari ulikuwa mweusi. Juu ya weusi huo Wahindi walipiga mizinga na kurusha fataki, wakipaza sauti. Hapana mchoraji aliyeuchora usiku ule, lakini mtu aliyezifuata kurasa hizi aweza kuuona: nyuso za Wahindi, Wareno na Waswahili zikitokea gizani kwa kitambo, zote zimeelekea juu, na kuta nyeupe za Malindi nyuma yao zikirudisha mwanga.

Tarehe 24 Aprili Wareno waliondoka na rubani waliyepewa hapo Malindi, wakavuka bahari kwa siku 23. Mwezi wa Januari mwaka 1499 walirejea, wakaomba kusimamisha nguzo, wakakubaliwa. Na siku chache baadaye, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha merikebu tatu, São Rafael ilichomwa moto kwenye miamba ya upande wa Tanga. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli iliyokuwa merikebuni iliokolewa, na leo iko Lisbon. Malindi kuna msalaba wa jiwe la Kireno juu ya mwamba wa pwani, na kanisa dogo la kuezekwa kwa makuti lililozungukwa na makaburi, lihusishwalo na mmisionari Francis Xavier, aliyepita hapa mwaka 1542 na kumzika baharia mmoja.

Mtoto mwenyewe alirudi Afrika ya Mashariki kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea uchoraji Makerere, alichora picha tano ukutani mwa kanisa la kumbukumbu ya mashahidi huko Murang'a, ya kwanza ikiwa ya kuzaliwa kwa Yesu. Na alimfanya mtoto huyo azaliwe katika nchi ya Wakikuyu, mikononi mwa mama Mwafrika. Wapo walioshtuka. Lakini Njau alifanya kwa brashi lile ambalo Wahindi wa Malindi walilifanya kwa magoti: aliitambua ishara, kisha akampa mtoto sura ya nyumbani.

Nami sioni kosa kwa walioanguka mbele ya picha ile, wala kwa waliowaonyesha. Kosa lilikuwa moja tu, nalo ni kutouliza. Maana Wareno walikuwa naye Fernão Martins aliyejua Kiarabu, Wahindi baadhi yao walikijua kidogo, na kote kuwazunguka palikuwa na mji wa wafanyabiashara waliokuwa wakiuza na kununua na Wahindi hao, ambao wangeweza kuwaeleza wote wawili jambo hilo kwa muda wa kunywa dafu. Basi wewe msomaji, utakaposimama mbele ya picha ya mtoto mtukufu, iwe ya kanisani, ya hekaluni au ya kalenda iliyotundikwa dukani, tazama kwanza mikono, kisha tafuta nuru inatoka wapi, kisha mgeukie mwenye picha umuulize jina la mtoto. Hilo la tatu ndilo lililokosekana Malindi mwaka 1498, nalo halikuwa na gharama yoyote.